Sheikh Abdulhamid bin Badis na Mavazi ya Watoto wa Skuli za Aljeria

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote.

Amma baad. Katika mambo yanayowashughulisha wazazi wa Kiislamu wa miji yetu kila ufunguliwapo mwaka wa masomo ni vazi la mtoto aendaye skuli. Huyu ataka mwanawe aachiwe kofia yake, na yule ataka binti yake aachiwe mtandio wake. Jambo hili si dogo, wala si geni. Katika nchi ya Aljeria, iliyotawaliwa na Wafaransa tangu mwaka 1830 hata mwaka 1962, Waislamu walijaribiwa kwalo kwa njia ambayo wengi wetu hatuidhanii. Basi tumependa kuwaeleza ndugu zetu maisha ya Sheikh Abdulhamid bin Badis, Mwenyezi Mungu amrehemu, kwani yeye aliona kuliko wengi wa zama zake pale mtawala alipokuwa akipenyea.

KUZALIWA KWAKE NA KUSOMA KWAKE

Alizaliwa mwezi wa Disemba mwaka 1889 katika mji wa Constantine, ambao Waarabu wauita Qusantina. Mji huo umejengwa juu ya jabali, na korongo refu la mto limeuzunguka kama handaki. Wafaransa walipoujia mara ya kwanza, mwaka 1836, walirudi nyuma wameshindwa. Mwaka wa pili wake wakauteka.

Ukoo wa Badis ulikuwa ukoo mkongwe, wenye mali na jina. Baba yake alikuwa mtu wa cheo, akikaa katika mabaraza ya Serikali ya Kifaransa. Kijana wa nyumba kama ile njia yake ilikuwa imekwisha fagiliwa: aingie skuli ya Kifaransa, atoke na shahada, apewe kazi, na watu wamwinukie apitapo. Lakini mzee yule, pamoja na cheo chake kwa Wafaransa, hakumpeleka mwanawe wa kwanza kwao. Alimtia chuoni, naye akahifadhi Kurani nzima akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Kisha akamkabidhi kwa Sheikh Hamdan al-Wanisi, mwanachuoni wa mji ule, amsomeshe lugha na dini.

Sheikh Hamdan alichukua ahadi kwa mwanafunzi wake, kwamba hatakubali kazi ya Serikali maisha yake yote. Aliwajua wanavyuoni wengi waliofungwa ndimi zao kwa mshahara. Sheikh Abdulhamid aliitimiza ahadi ile mpaka siku aliyokufa.

Mwaka 1908 alisafiri kwenda Tunis, akaingia msikiti wa Zaituna. Huko alisoma kwa Sheikh Muhammad al-Nakhli na kwa Sheikh Muhammad al-Tahir bin Ashur, mwenye tafsiri mashuhuri. Alirejea kwao mwaka 1913, na mwaka huo huo akaenda kuhiji. Alipofika Madina alimkuta mwalimu wake wa zamani, Sheikh Hamdan, amehamia huko, naye akamtaka abakie. Lakini mwanachuoni wa Kihindi aliyekuwa akisomesha Madina, Sheikh Husein Ahmad al-Madani, alimshauri arudi kwao, kwa kuwa watu wake wamhitaji zaidi. Madina pia alikutana na Sheikh Bashir al-Ibrahimi, mwenzake wa Aljeria, nao wakakaa usiku kwa usiku wakizungumza namna ya kuinusuru nchi yao. Mazungumzo yale ndiyo yaliyozaa yote yaliyofuata.

WATOTO WA SKULI NA NGUO ZAO

Ili tuifahamu kazi yake, yatupasa kwanza tutazame hali aliyowakuta nayo watoto wa nchi yake.

Kabla ya Wafaransa, Aljeria ilikuwa na vyuo na misikiti iliyoendeshwa kwa mali ya wakfu. Wafaransa walipoingia walizitia mkononi wakfu hizo, na vyuo vikakauka kama mti uliokatwa mizizi. Misikiti mingine waligeuza makanisa: msikiti wa Ketchawa mjini Algiers, na msikiti wa Suk al-Ghazal katika Constantine yenyewe. Kisha wakafungua skuli zao. Kwa amri za mwaka 1883 na mwaka 1892 zikawekwa skuli mahsusi kwa watoto wa Kiislamu, mbali na za watoto wa Kifaransa. Hizo nazo zilikuwa chache mno. Mwaka 1914, baada ya miaka 84 ya utawala, waliosoma humo walikuwa kiasi cha watoto 5 katika kila 100 wa Kiislamu wenye umri wa kusoma. Mwaka 1954, vita vya ukombozi vilipoanza, walikuwa bado hawajatimia 15 katika 100.

Sasa na tuzitazame picha zilizobaki za skuli hizo. Mtoto wa Kifaransa huonekana amevaa nguo za kwao, na juu yake vazi jepesi la kuzuia wino usimchafue. Ama mtoto wa Kiislamu huonekana amekaa juu ya deski kwa nguo za baba yake: gandura, nayo ni kanzu pana, juu ya gandura burnusi, nalo ni joho la sufu lenye kofia yake nyuma, na kichwani shashia, kofia nyekundu ya sufu iliyo ndugu ya tarbushi. Wengi wao, hasa wa mashamba, hawana viatu. Mfaransa kwake ni adabu mtu kuvua kofia aingiapo ndani, na Muislamu kwake adabu ni kufunika kichwa. Na katika picha hizo watoto wana shashia zao vichwani, na mwalimu wa Kifaransa amesimama kando yao.

Aonaye picha hizi kwa haraka aweza kusema kuwa wale walikuwa watawala wapole, wasiomvua mtu vazi la wazee wake. Lakini na aulize: mtoto yule katika burnusi yake alikuwa akisoma nini? Alisoma kwa Kifaransa. Alisomeshwa habari za wafalme wa Ufaransa na mito ya Ufaransa. Kiarabu, ambacho ni lugha ya Kurani na ya mji wake, kama alikipata hapo alipata punje. Aliandaliwa kuwa fundi mdogo, au mkulima wa shamba la mtu mwengine, au karani. Wala hakuwa raia sawa na mwenziwe Mfaransa, kwani kwa sheria ya mwaka 1865 Muislamu hakupata haki za uraia ila akubali kuiacha sharia ya Kiislamu katika ndoa na urithi wake. Burnusi ilibaki mgongoni kwa kuwa haikuwadhuru kitu. Ilimtambulisha kuwa ni mtu wa chini, asiye wa kwao. Waliachia ganda, wakala kiini.

Na baba yake naye alidanganyika. Alimwona mwanawe arudi nyumbani na shashia yake kichwani, akatua moyo, akasema mtoto wangu yu salama. Hakumuuliza amesoma nini.

KUSOMESHA KWAKE

Haya ndiyo aliyoyaona Sheikh Abdulhamid. Alianza kusomesha mwaka 1913 katika mji wake, na punde akajikita katika Msikiti wa Kijani, uliojengwa zama za Waturuki. Akisomesha watoto na vijana mchana, moja baada ya moja, darasa kwa darasa, na usiku akiwafasiria watu wazima Kurani. Wanafunzi walimjia kutoka miji ya mbali. Akawatafutia pa kulala na cha kula. Hakuchukua mshahara wa Serikali. Alizaliwa katika nyumba ya tajiri, lakini aliishi maisha ya mwanafunzi masikini.

Hakutosheka na msikiti. Mwaka 1925 alitoa gazeti la Al-Muntaqid. Serikali ikalifunga baada ya matoleo 18. Akatoa jengine, Al-Shihab, likadumu mpaka mwaka 1939. Katika magazeti hayo alipiga vita uzushi na ushirikina na watu waliojitia usheikh wakala mali za wajinga, ambao wengi wao walikuwa wakisaidiwa na Wafaransa. Mwaka 1926 mtu mmoja alimvizia usiku akampiga ili amuue. Watu wakamkamata mtu yule wakataka kummaliza. Sheikh, damu zikimtoka, akawazuia, kisha akamsamehe.

Mwaka 1930 Wafaransa walifanya sherehe kubwa za kutimiza miaka mia katika Aljeria, wakidhani kuwa Uislamu wa nchi ile umekwisha zikwa. Mwaka huo huo Sheikh na wenziwe wa Constantine waliasisi chama cha kulea na kusomesha watoto. Na tarehe 5 Mei 1931 wanavyuoni wa Aljeria walikutana mjini Algiers wakaunda Jumuiya ya Wanavyuoni wa Kiislamu wa Aljeria, wakamchagua yeye kuwa rais na Sheikh Bashir al-Ibrahimi kuwa naibu wake. Jumuiya hii ikaeneza skuli katika miji na vijiji, kwa fedha za watu wenyewe. Mtoto aliyekwenda skuli ya Kifaransa asubuhi aliweza kuja kwao jioni au siku ya mapumziko, akasoma Kiarabu, dini, na tarehe ya nchi yake. Sheikh hakuwakataza watu kujifunza Kifaransa wala elimu za kisasa. Alitaka mtoto aingie humo akiwa amekwisha jijua yeye ni nani.

SUALA LA NGUO

Ndugu zetu huenda wakauliza: je, katika skuli zake aliwalazimisha watoto vazi gani? Jawabu ni kuwa juhudi zake hazikuwa huko. Yeye alikuwa katika njia ya Sheikh Muhammad Abduh na gazeti la Al-Manar. Mwaka 1903 Sheikh Abduh, akiwa Mufti wa Misri, aliulizwa na Muislamu wa Transvaal, kusini ya Afrika, juu ya kuvaa kofia ya Kizungu. Akajibu kuwa mtu akiivaa bila ya kukusudia kutoka katika dini yake hawi kafiri, na akiivaa kwa haja, kama kujikinga na jua, si lawama. Watu walimpigia kelele nyingi kwa fatwa ile. Lakini msingi wake ni msingi wa wanavyuoni: nguo hutazamwa sitara yake na nia ya mwenye kuivaa.

Sheikh bin Badis mwenyewe hakuiacha burnusi wala kilemba. Mwaka 1936 ujumbe wa Waislamu wa Aljeria ulikwenda Paris kutaka haki zao. Miongoni mwao walikuwamo mabwana waliosoma Kifaransa, wamevaa suti, na wanavyuoni pamoja na bin Badis, wamevaa majoho yao meupe na vilemba. Yasimuliwa kuwa waziri wa vita alimtisha kwa kumkumbusha mizinga ya Ufaransa, naye akamjibu kuwa Waislamu wana Mwenyezi Mungu.

Mwaka huo huo mmoja wa wale mabwana wa suti, Ferhat Abbas, aliandika kuwa ameitafuta Aljeria katika tarehe akakosa kuliona taifa hilo. Sheikh akamjibu katika Al-Shihab kuwa taifa hilo lipo, lina dini yake na lugha yake na tarehe yake, na si Ufaransa, wala haliwezi kuwa Ufaransa hata likitaka. Hakumwambia neno juu ya suti yake. Na angalieni hekima ya Mwenyezi Mungu: bwana yule yule, mwaka 1958, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa serikali ya Aljeria iliyoundwa nje ya nchi katika vita vya ukombozi. Kilichobadilika kwake kilikuwa ndani ya kichwa. Suti ilikuwa ile ile.

Na katika miaka ya thelathini vijana wa Aljeria walipounda vikosi vya skauti wa Kiislamu, Sheikh aliwasaidia na kuwatia nguvu. Sare yao ilikuwa ya mtindo wa skauti wa Ulaya, lakini nashidi waliyoiimba wakiandamana ilikuwa aliyoitunga yeye, yenye kuwafundisha kuwa wao ni Waislamu na asili yao ni Waarabu. Linganisheni sasa watoto hawa na wale wa picha. Wa kwanza walivaa burnusi na vinywa vyao vikasoma maneno ya wengine. Wa pili walivaa sare ya mtindo wa wengine na vinywa vyao vikasema maneno yao wenyewe.

WASICHANA

Wanawake wa Constantine walikuwa wakijifunika mlaya, shuka nyeusi iliyo kama buibui letu. Watu wa huko husema kuwa walianza kuvaa nyeusi kwa msiba wa Saleh Bey, mtawala wao aliyeuawa mwaka 1792. Katika miaka ya Sheikh palizuka mabishano makubwa katika Afrika Kaskazini yote juu ya shela la mwanamke, hawa wakisema livuliwe, na hawa wakisema asitoke hata mlangoni.

Sheikh aliwajibu wote pamoja. Aliwaambia wenye kutaka kuvua kwamba utando wa ujinga uliofunika akili ya mwanamke ndio unaostahili kuondolewa kwanza, kwani shela halikumzuia mwanamke wa Kiislamu wa zamani kuwa mwanachuoni. Na wenye kufungia watoto aliwajibu kwa vitendo: katika kanuni za chama chake cha Constantine iliandikwa kuwa mvulana mwenye uwezo alipe ada, na msichana asome bure, awe na uwezo au asiwe nao. Baba bahili hakubakiwa na udhuru.

MATESO NA KUFA KWAKE

Wafaransa, ambao hawakuona taabu juu ya burnusi ya mtoto, hawakuweza kuvumilia skuli hizi. Mwaka 1933 waliwazuia wanavyuoni wa Jumuiya kuhubiri katika misikiti iliyo chini ya Serikali. Mwaka 1937 Sheikh alifungua Dar al-Hadith mjini Tlemcen, na kabla ya mwaka kwisha ikafungwa kwa amri. Tarehe 8 Machi 1938 ikatolewa amri ya kuwabana wafunguao skuli za Kiarabu bila ya ruhusa, na ruhusa yenyewe haipatikani. Walimu wakatozwa faini na kufungwa. Kiarabu katika nchi ya Waarabu kikawa chatendewa kama lugha ya kigeni. Hapa ndipo ilipodhihiri walichokuwa wakikiogopa.

Mwaka huo huo wa 1938 Sheikh alikhitimisha darasa za tafsiri ya Kurani nzima, baada ya miaka 25, na watu wakaja Constantine kutoka pande zote kumshangilia. Vita vya pili vya dunia vilipokaribia, Wafaransa walitaka Jumuiya itangaze kuwaunga mkono, akakataa. Alifariki mjini kwake tarehe 16 Aprili 1940, akiwa na miaka 50, na mwenzake Sheikh Bashir al-Ibrahimi amekwisha tiwa mikononi na Serikali siku chache kabla. Hakuiona Aljeria huru. Lakini wengi walioikomboa walipita mikononi mwa wanafunzi wake, na nchi ile huiadhimisha tarehe 16 Aprili kila mwaka kuwa ni Siku ya Elimu.

MAZINGATIO

Ndugu zetu wa pwani hawako mbali na habari hii. Gazeti la Al-Manar lililomwamsha bin Badis huko ndilo lililosomwa Mombasa na Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1891. Naye mwaka 1930 alitoa As-Sahifa na mwaka 1932 Al-Islah, akawaonya watu wetu wasiwe wenye kuiga ya nje ya Wazungu na kuwaachia elimu yao. Miaka ni ile ile na dawa ni ile ile.

Basi asije mtu akafahamu kuwa twasema vazi si kitu. La. Mfaransa alipoona kuwa vya ndani vimemponyoka, aliligeukia vazi. Mwezi wa Mei 1958, vita vikiwaka, wanawake wa Kiislamu walisimamishwa hadharani mjini Algiers wakavuliwa mashela yao ili dunia ione. Na katika Ufaransa yenyewe sheria ya mwaka 2004 iliwakataza wasichana kuvaa mtandio katika skuli za Serikali, na mwaka 2023 wakakatazwa na abaya pia. Watu hawagombanii kitu kisicho na maana. Na sisi hapa Kenya kesi za mtandio wa skuli zimefika mpaka mahakama kuu. Anayemtetea binti yake kwa haki na adabu, Mwenyezi Mungu amlipe kheri.

Tusemalo ni kuwa vazi ni ukuta, na ukuta hujengwa kwa kuwa nyumbani mna mali. Mwenye kushinda mahakamani kwa ajili ya mtandio, na binti yake hajui kusoma Fatiha sawasawa, amejenga ukuta wa nyumba tupu. Na mwenye kumvika mwanawe kanzu nyeupe na kofia ya vito siku ya Ijumaa, kisha asijue kuwa chuoni hajafika mwezi wa tatu sasa, huyo ni yule baba wa Aljeria aliyeiona shashia akatua moyo. Mtoto akirudi leo jioni, tumtazame nguo zake, kisha tumketishe tumuulize amesoma nini. Suali hili la pili ndilo lililomchukua Sheikh Abdulhamid bin Badis miaka yote ishirini na saba ya kusomesha kwake.

Mwenyezi Mungu amrehemu yeye na wanavyuoni wetu wote waliotangulia, na atujaalie tuwe wenye kusikia maneno na kufuata yaliyo mema yake. Wallahu aalam.